Skopu ya kuanzia kwa .22 ya bei ya chini, nichukue gani?

Mkulima_Njoro

Habari zenu wadau. Niko upande wa Njoro hapa Nakuru, leseni imetoka baada ya kuzungushwa kweli kweli na bunduki nimepata ya mkono wa pili, CZ 452 ya .22 (ile ya risasi ndogo), ile modeli ya Lux yenye kitako cha mbao kimeinama kidogo nyuma na vile vyuma vya kulengea juu ya mtutu. Bei haikuwa mbaya lakini sasa mfuko umelia. Napiga karatasi tu, renji tunayotumia na wenzangu ni ya mita 50, siku moja moja ile ya mita 100 ikifunguliwa tunajaribu. Shida ni macho, nikilenga na hivyo vyuma ama naona cha mbele vizuri ama naona karatasi, zote mbili pamoja zimekataa. Kwa hivyo nataka skopu, ile darubini ya kulengea ya kufunga juu ya bunduki.

Bajeti ni elfu kumi na tano mpaka ishirini, nikijinyima sana ishirini na tano na hapo ndani kuwe na ringi za kufungia. Jamaa mmoja ananisukuma nichukue 6-24x50 ameona mtandaoni elfu tisa, ndani inawaka taa nyekundu na kijani. Mwingine anasema 4x inatosha na nisisumbuke. Sasa kutoka 4 mpaka 24 si tofauti ndogo jameni. Na hizo namba zenyewe zinamaanisha nini, mtu anieleze polepole.

JaMilimani

Omera karibu, huu ugonjwa hauna dawa. Namba ni rahisi, iliyo kabla ya x ni kitu kinavutwa karibu mara ngapi, iliyo baada ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. 4x32 inavuta mara nne tu na haibadiliki, kioo 32. 3-9x40 unazungusha kutoka tatu mpaka tisa, kioo 40. Sasa hapa ndio watu huliwa pesa, wanadhani namba ikiwa kubwa skopu ni nzuri. Karatasi ya mita 50 ukiiangalia na 4x unaiona kama iko mita kumi na mbili na nusu, yaani kutoka mlango wa duka mpaka ng'ambo ya barabara, kwani unataka kuhesabu nyuzi za karatasi?

Halafu kuna hesabu moja wauzaji hawakuambii. Chukua kioo cha mbele ugawe na namba ya kuvuta, unapata upana wa ule mwanga unaotoka nyuma kuja kwa jicho. 32 kwa 4 ni milimita 8, hata kichwa kikicheza kidogo bado unaona. 40 kwa 9 ni 4.4, bado iko sawa. Hiyo ya rafiki yako 50 kwa 24 ni mbili na kidogo, ukisonga kidogo tu picha imepotea unabaki na giza. Na mboni ya jicho kwa jua la mchana inajifunga mpaka milimita mbili tatu hivi, kwa hivyo kioo cha 50 saa sita mchana hakikuongezei mwanga wowote, kinakuongezea uzito na kinakulazimisha uinue skopu juu zaidi ya mtutu.

Hiyo taa ya rangi mbili usahau kabisa. Elfu tisa ikigawanywa kwa taa, betri, gurudumu nyingi za kuzungusha na kioo kikubwa, ni ngapi imebaki ya kioo kizuri? Mimi kura yangu ni 4x32 ama 2-7x32 basi.

Chuma_Eldy

Nitapingana na wewe kidogo JaMilimani. 4x ni sawa kwa kulenga lakini tundu la .22 ni milimita tano na nusu hivi, kwa mita 50 na 4x kwenye ile sehemu nyeusi ya karatasi huoni kitu, unapiga unasimama unatembea kwenda kuangalia unarudi, na renji ikiwa na watu wengi lazima mngoje wote wamalize ndio mtu avuke mstari. Siku nzima inaisha ukitembea. 3-9x40 unaweka kwa 9 unaona tundu zako kwa karatasi nyeupe ukiwa umelala hapo hapo. Bei inakaribiana, kwa nini ajifunge?

JaMilimani

Hapo kwa kuona tundu nakubali, ila dawa yake inaweza kuwa karatasi yenye rangi inayopasuka njano ukipiga, ama darubini ya kawaida ya mkono ya kuangalia ndege, mtu wa Nakuru hakosi jirani mwenye nayo. Na kitu kingine kwa 9 mtu mgeni anaona mpigo wa moyo wake ukicheza kwa karatasi, anashtuka, anaanza kuvuta trega kwa kuvizia ile sekunde msalaba wa kulengea ulio ndani ya skopu uko katikati. Hapo risasi inaenda popote. Kwa 4 mtetemo ni ule ule lakini hauuoni vile, unatulia unabonyeza polepole.

Tumbili_Hatari

Mkulima wewe nunua tu kubwa, mita 100 hapo shambani tumbili wanamaliza mahindi hawatakuzoea tena 😂

Dada_Milimani_B

Huyo msimsikilize. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 iko na meno. Tumbili na nyani wakikusumbua unapiga simu KWS, wale wa wanyamapori, waje, hupigi wewe, na leseni yako imeandikwa sababu yake, wakipata umetumia kwa kitu kingine unapoteza bunduki na pengine uhuru wako. Tuendelee na skopu.

Fundi_Mulembe

Mulembe wandugu. Nimesoma hii yote na hakuna mtu ametaja kitu chenye kinaangusha .22 nyingi, mnabishana juu ya 4 na 9 na shida iko pengine. Ni paralaksi, yaani msalaba kuonekana unahama juu ya karatasi jicho likisogea.

Mkulima fanya hivi, omba mtu mwenye skopu yoyote kwenye renji aweke bunduki juu ya mifuko ya mchanga, bila risasi, boliti (kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani) iko nje, halafu usiguse kitu, angalia tu karatasi ya mita 50 na usogeze jicho juu chini, kushoto kulia. Kama ule msalaba unatembea juu ya karatasi na bunduki haijasonga basi hiyo skopu imewekwa kwa umbali mwingine. Skopu nyingi za bunduki kubwa kiwandani zinawekwa yadi 100, zingine 150. Za .22 zinawekwa yadi 50 hivi, ambayo ni mita 46, ndio renji yako hiyo. Ukifunga ya yadi 100 yenye kioo cha 40 na upige nusu ya huo umbali, jicho likiwa pembeni kabisa unakosa mpaka kama sentimita moja na hujui kwa nini. Sentimita moja unaona ni kidogo? Duara la kumi kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4. Kwa hivyo unatoka nje ya kumi na mkono haujakosa, kichwa tu ndio kilikaa vibaya.

Ndio maana kwa boksi utafute neno Rimfire, yaani ya risasi ndogo kama .22 yako, si urembo. Vortex wana Crossfire II 2-7x32 ya rimfire, imewekwa yadi 50. Bushnell nao wana za rimfire, Hawke pia. Ama utafute yenye unarekebisha mwenyewe, kuna pete kwa kioo cha mbele imeandikwa 10, 25, 50, 100, unazungusha mpaka msalaba uache kutembea. Hiyo ni nzuri zaidi lakini kwa bajeti yako ukipata yenye pete na bei ni ya chini sana jua wamepunguza kitu kwa kioo.

Sasa kitu cha pili na hiki ni cha CZ yako hasa. 452 Lux ilitengenezwa ilengwe na vyuma, ndio maana kitako kimeshuka hivyo. Jicho linakaa chini kwa mstari wa vyuma. Ukifunga skopu, jicho lazima lipande, na shavu linabaki hewani halishiki mbao. Shavu likielea kichwa hakikai pahali pamoja mara mbili, na kichwa kisipokaa pahali pamoja paralaksi ndio inakula wewe. Umeona venye hizi vitu zinashikana? Tafuta kipande cha sponji ngumu ya sentimita mbili hivi, funga juu ya kitako na ngozi ama utepe wa kitambaa mpaka ukifumba macho uweke shavu halafu ufungue, uone picha nzima bila kutafuta. Fundi wa viatu yeyote mjini atakushonea ya ngozi, ila umpelekee vipimo, usimpelekee bunduki.

Na kioo cha mbele cha 40 kwenye Lux angalia sana, kile chuma cha nyuma cha kulengea kiko juu ya mtutu na kinaweza kugusana na kengele ya skopu, ile sehemu pana ya mbele. Ndio sababu nyingine napenda 32. Chini ya hapo mkono wa boliti nao ukiinua unaweza kugonga sehemu ya nyuma ya skopu kama ringi ni fupi mno. Kwa hivyo ringi za urefu wa kati, si zile za chini kabisa.

Mkulima_Njoro

Fundi umenifungua macho. Kumbe hiyo kuinama ya kitako ndio ilikuwa inanisumbua nilipojaribu skopu ya mwenzangu, nilikuwa nainua shingo kama twiga. Sasa ringi zenyewe nachukua gani, naona zingine za Picatinny, zingine Weaver, zingine zinasema milimita 11.

Fundi_Mulembe

Milimita 11. CZ imechongwa mifereji miwili juu ya bunduki yenyewe, hakuna reli ya meno. Picatinny na Weaver ni zile reli zenye meno meno, hazishiki kwako mpaka ununue kipande cha kubadilisha na hicho kinakuinua tena juu wakati tunapigana na urefu. Angalia pia upana wa bomba la skopu, nyingi za bei yako ni inchi moja, zingine ni milimita 30, ringi lazima zifanane. Na .22 za Kimarekani nyingi mfereji wao ni mwembamba kidogo, kama 9.5, kuna ringi zinasema zinashika zote mbili, nyingine zinashika vizuri nyingine zinang'ang'ania tu pembeni. Kama unaweza ona kwa macho kabla ulipe.

Elfu tatu nne kwa ringi usione uchungu. Skopu nzuri kwa ringi mbaya ni skopu mbaya.

Dada_Milimani_B

Kabla hujaagiza kitu kutoka nje nikuongezee ya ofisi juu watu hupuuza halafu wanalia. Forodha wana namba yake kabisa ya darubini za kufungwa kwenye silaha, 9013.10, haiingii kama kioo cha kamera, na ukijaribu kuandika hivyo kifurushi kikifunguliwa unaanza kueleza mambo ambayo hayangehitaji kuelezwa. VAT ni asilimia 16 na kuna ada zingine juu, kwa hivyo kitu cha dola mia na kitu huko Marekani usihesabu kwa kubadilisha pesa tu, kitafika kwako bei nyingine. Pia wauzaji wengi wa Marekani hawatumi skopu nje kabisa.

Mimi ningefanya hivi, uliza kwanza kwa ofisi inayoshughulikia leseni yako, kwa maandishi, kama wanataka barua kabla ya kuagiza, na uweke jibu kwa faili. Ama nenda kwa duka la silaha lenye leseni Nairobi, utalipa zaidi kidogo lakini unapata risiti, unashika kitu mkononi na kama ina shida unajua mlango wa kurudi. Hizo dhamana za maisha zinasifiwa ni za kweli lakini wewe ndio utalipa posta ya kurudisha mpaka ng'ambo.

Na kuna feki. Jina kubwa, boksi zuri, bei nusu. Zungusha magurudumu ya marekebisho, ukisikia yanateleza bila mlio ama yanaruka ruka, rudisha.

Chuma_Eldy

Dada amesema kweli. Na asikudanganye mtu na ya bunduki ya hewa ya springi ati zote ni sawa. Springi inapiga nyuma halafu mbele, skopu ya bei ya chini isiyoundwa kwa hiyo inakufa haraka. Ya .22 kinyume chake inasukuma kidogo sana, ndio maana hata skopu ya wastani inaishi. Kwa hivyo usilipe pesa ya uimara wa .308, bunduki kubwa, hauhitaji.

Bado nasema 3-9 lakini nimesoma hiyo ya chuma cha nyuma, kwa Lux sawa, 3-9x32 ama 2-7x32, tukutane hapo katikati.

Mzee_wa_Lessos

Vijana mnakimbia sana. Mtu amepata bunduki juzi mnamfunga vioo. Akae na vyuma kwanza, hiyo Lux ina chuma cha nyuma kinasogea kutoka mita 25 mpaka 200, ni shule tosha. Na kama ana ndoto ya mashindano ya kimataifa ya mita 50 ya Olimpiki, skopu haziruhusiwi huko, wanatumia kile kitundu cha kuchungulia.

Mkulima_Njoro

Shikamoo mzee. Ushauri nimepokea kwa heshima ila macho ndio yamekataa, si uvivu. Nimepita hamsini. Olimpiki nitaangalia kwa televisheni.

Mzee_wa_Lessos

Marahaba. Kama ni macho basi funga kioo. Ila hicho kitundu cha nyuma nacho husaidia macho ya watu wa rika letu kuliko vyuma vya wazi, siku moja kijaribu. Na skopu ikija, kabla ya kitu chochote rekebisha kile kioo cha karibu na jicho. Angalia anga tupu, si jua, zungusha mpaka msalaba uwe mkali mara moja unapochungulia. Usiukodolee, jicho hujirekebisha lenyewe likakudanganya.

Mkulima_Njoro

Asante mzee wangu. Basi nimeamua 2-7x32 ya rimfire yenye paralaksi ya yadi 50, ringi za milimita 11 za kati, na sponji. Duka moja Nairobi wanayo inaingia kwa ile elfu ishirini na tano nikinyima nyama mwezi huu. Swali la mwisho, nikishafunga napiga ziro vipi, yaani kurekebisha skopu mpaka risasi ipige pale msalaba unaonyesha, bila kumaliza boksi zima la risasi, juu hizo nazo si bure.

Fundi_Mulembe

Kwanza kufunga. Boliti nje, hakikisha hakuna risasi, hii usichoke kuifanya. Weka skopu kwa ringi bila kukaza, sogeza mbele nyuma mpaka ukiwa umeweka shavu kawaida unaona duara nzima bila giza pembeni, kwa nyingi jicho linakaa sentimita nane mpaka kumi kutoka kioo. Weka kwa 7 ukifanya hii maana kwa namba kubwa ndio inachagua jicho likae wapi. Nyoosha msalaba, ning'iniza kamba yenye kitu kizito mbele ukaulinganishe nayo. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kubadilishana pande, nyutoni mita mbili ni mwisho, hizi bomba ni laini ukikaza kwa nguvu za shamba unaiponda.

Halafu mita 25, si 50. Bunduki juu ya mifuko, boliti bado nje, chungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka uone karatasi katikati ya tundu, bila kusogeza bunduki zungusha msalaba uje pale pale. Hiyo peke yake inakuweka kwa karatasi na hujatumia risasi hata moja. Sasa rudisha boliti, piga tatu kwa utulivu. Usirekebishe kwa risasi moja, chukua katikati ya zile tatu. Skopu nyingi mlio mmoja wa gurudumu la marekebisho ni robo ya MOA (kipimo kidogo cha pembe), kwa mita 25 ni kama milimita 1.8, kwa mita 50 ni 3.6. Kwa hivyo ukiwa mita 50 na umepiga sentimita nne chini, arobaini gawa kwa 3.6, unazungusha mlio kumi na moja kwenda juu. Piga tatu tena. Kwa risasi kumi na tano hivi unafaa kuwa umemaliza.

Ukishapata ziro, jaribu kitu kimoja kujua kama skopu ni ya kweli. Lenga alama ile ile wakati wote, piga moja, zungusha mlio ishirini juu piga, ishirini kulia piga, ishirini chini piga, ishirini kushoto piga. Inafaa ichore mraba na ya mwisho irudi kwa tundu la kwanza. Ikikataa kurudi, ipeleke dukani ukiwa na risiti na hiyo karatasi.

JaMilimani

Na mita 100 usishangae. Ukiwa na ziro ya 50, kwa 100 risasi ya .22 inakuwa imeshuka karibu shubiri nzima, sentimita 15 mpaka ishirini na kitu kutegemea ni aina gani. Mabadiliko ya risasi pia yanahamisha ziro hata kwa mita 50, kwa hivyo chagua boksi moja ukae nayo. Upepo wa mchana huko kwenu Njoro nao utaona mwenyewe.

Mkulima_Njoro

Sawa omera. Hizo risasi za haraka na zile za polepole, ya kuanzia ni gani?

JaMilimani

Za polepole, zile zimeandikwa standadi ama chini ya mwendo wa sauti. Zinashuka zaidi kidogo lakini kwa karatasi zinakaa pamoja vizuri, na sikio lako litakushukuru, ingawa bado vaa vifuniko vya masikio. Nunua aina mbili tatu boksi moja moja, CZ yako ndio itachagua.